Lenzi laini za machoni kwa upepo wa Lamu na Malindi: ipi inafika isha bila kukwaruza?

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa anayevaa lenzi kutwa, kuanzia saa moja asubuhi hadi baada ya isha, inayofaa zaidi mwambao huu ni lenzi ya siku moja ya silikoni haidrojeli (plastiki laini inayonyonya maji, iliyotiwa silikoni) yenye uso unaoteleza: delefilcon A, inayouzwa kwa jina la Dailies Total1, au senofilcon A ya siku moja, yaani Acuvue Oasys 1-Day. Gharama ikizidi, comfilcon A ya mwezi mmoja, Biofinity, inashika nafasi ya pili, kwa sharti isafishwe kwa dawa ya haidrojeni peroksaidi. Etafilcon A ya siku moja, 1-Day Acuvue Moist, ni lenzi nzuri ya nusu siku. Lenzi za rangi za polymacon ni za shughuli ya saa chache tu, basi, na tutazisema kwa urefu kidogo kwa kuwa wengi huzivaa wakidhani ni pambo kama hina.

Majina hayo yenye "filcon" mwishoni ndiyo majina ya nyenzo. Yamechapwa kwenye boksi kwa herufi ndogo, mara nyingi ubavuni. Jina la biashara linaweza kubaki lile lile na nyenzo ikabadilika: Acuvue 2, Moist na Oasys zote ni Acuvue, lakini mbili za mwanzo ni etafilcon A na ya tatu ni senofilcon A, vitu viwili tofauti kabisa jichoni. Soma ubavu wa boksi kabla ya kulipa.

Maji mengi si raha nyingi

Mnunuzi akifika dukani huuliza, "Ina maji asilimia ngapi?" na muuzaji humjibu kwa fahari kadiri namba inavyopanda. Swali hilo lilikuwa na maana enzi za haidrojeli za kawaida. Nyenzo ya kwanza, HEMA, ilibuniwa Prague na Otto Wichterle pamoja na Drahoslav Lím. Mwishoni mwa 1961 Wichterle alitengeneza lenzi nyumbani kwake kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya mchezo wa watoto, na mwaka 1971 Bausch & Lomb wakapata kibali cha kuziuza Marekani. Katika nyenzo za ukoo huo oksijeni husafiri ndani ya maji, kwa hiyo maji yakiongezeka oksijeni nayo huongezeka. Polymacon ina maji 38%, na kipimo chake cha kupitisha oksijeni, kinachoandikwa Dk, ni kama 9. Etafilcon A ina maji 58% na Dk ya 21 hivi. Nelfilcon A ina 69% na Dk ya 26.

Silikoni haidrojeli zilipoingia sokoni mwaka 1999, hesabu iligeuka. Oksijeni sasa inapita kwenye silikoni yenyewe. Lotrafilcon A ina maji 24% tu lakini Dk yake ni 140. Senofilcon A ina 38% na Dk 103, comfilcon A 48% na Dk 128. Kwa hiyo anayechagua lenzi ya 69% akidhani jicho litapumua zaidi amechagua kinyume.

Namba inayostahili kuulizwa ni Dk/t, yaani Dk ikigawanywa kwa unene wa lenzi. Mwaka 1984 Holden na Mertz walipendekeza kizingiti cha 24 kwa anayevaa mchana na kuvua usiku, na 87 kwa anayelala nazo. 1-Day Acuvue Moist ina 25.5: imevuka kwa ncha ya kidole. Dailies Total1 ina 156 na Biofinity 160. Vipimo hivi huchukuliwa katikati ya lenzi ya nguvu -3.00. Mwenye -7.00 avae kwa tahadhari, maana lenzi ya kutoa (ile yenye alama ya -) huwa nyembamba katikati na nene pembeni, na huko pembeni oksijeni hupungua sana. Ndiyo maana akivaa haidrojeli ya kawaida kwa miaka, mishipa myembamba ya damu huanza kuingia kwenye ukingo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, bila yeye kuhisi lolote.

Na hapo ndipo matangazo yanapowapoteza watu. Upungufu wa oksijeni huonekana, lakini ni nadra kusikika. Kinachosikika jioni, ule mkwaruzo unaomfanya mtu ahesabu dakika za kufika nyumbani avue, hutokana zaidi na mambo mengine. Aliyehama haidrojeli akaenda silikoni haidrojeli hupata jicho jeupe zaidi, lakini raha si lazima iongezeke: tafiti zilizolinganisha nyenzo hizi mbili hazijaonyesha tofauti ya wazi ya starehe. Silikoni kwa asili yake hukataa maji. Kiwanda kisipoitibu, uso wa lenzi hubaki na mabaka makavu na mafuta ya machozi hushikamana nao.

Kinachosikika kwenye kope

Mtu akipepesa macho mara 12 kwa dakika, kwa saa 14 kope imepita juu ya lenzi zaidi ya mara 10,000. Kwa hiyo msuguano wa uso ndio mzigo mkubwa. Nyenzo zenye msuguano mdogo ndizo zinazopata alama nzuri za starehe mwisho wa siku. Delefilcon A imeundwa kwa kufuata hoja hiyo: ndani ina maji 33%, lakini tabaka la juu kabisa lina zaidi ya 80%, na ni tabaka hilo ambalo kope inaligusa. Senofilcon A haina tabaka la kupakwa. Ndani ya nyenzo yenyewe mmechanganywa kilowanishi kiitwacho PVP kinachosaidia uso ubaki na unyevu. Lotrafilcon A na B hupakwa utando mwembamba mno kwa plazma, yaani gesi iliyochajiwa umeme. Comfilcon A haipakwi wala haichanganywi PVP. Unyevu wake unatokana na silikoni yenyewe ilivyosukwa.

Jambo la pili ni ukakamavu. Etafilcon A iko karibu megapaskali 0.3 (namba ikipanda, lenzi ni kakamavu zaidi), senofilcon A na comfilcon A 0.7 hadi 0.8, lotrafilcon A 1.4 hivi. Lenzi kakamavu ni kama leso mpya isiyofuliwa: inakaa ilivyotaka yenyewe, haifuati mwili. Ikiwa mviringo wake haukulingana na wa jicho, ukingo huinuka na kope ya chini huusikia kila ikipanda. Ikipanda na kushuka siku nyingi husugua ngozi ya ndani ya kope ya juu hadi ikaota vijipele, na mvaaji huanza kuona ute mweupe pembeni mwa jicho asubuhi. Faida ya ukakamavu ni moja: lenzi hiyo haijikunji kidoleni, na anayejifunza kuvaa huishika kwa urahisi.

Mviringo wa nyuma, BC kwenye boksi, mara nyingi huwa 8.3 hadi 8.8, na kipenyo, DIA, ni milimita 14 na kitu. Usiandike namba za boksi la zamani ukaagiza kampuni nyingine kwa kuamini kuwa 8.6 ni 8.6. Ukakamavu na umbo la ukingo hutofautiana, na lenzi mbili zenye namba zile zile hukaa tofauti. Mtaalamu anapaswa kuitazama jichoni kwa mashine ya taa baada ya dakika 15 hadi 20 ikishatulia: ifunike konea pande zote, isogee kidogo baada ya kupepesa, na akiisukuma juu kwa kope ya chini irudi bila kusita. Isiyosogea kabisa huwa tamu siku ya kwanza na chungu wiki ya pili, kwa sababu machozi hayapiti chini yake kuondoa taka.

Kaskazi, kusi, panka

Haidrojeli yenye maji mengi hupoteza maji zaidi ikiwa jichoni, na hujazia kwa kunyonya machozi yaliyo chini yake. Kaskazi ya Desemba hadi Machi, jua kali na upepo mkavu, huonyesha hilo upesi: lenzi ya 69% iliyovaliwa asubuhi bila hisia yoyote huanza kujulikana ipo kufikia alasiri. Nelfilcon A huachia kilowanishi chake kidogo kidogo kila kope inapopita, jambo zuri, ila akiba hiyo haimalizi siku ndefu. Aliye chini ya panka inayozunguka usiku na mchana, au kwenye ofisi yenye kiyoyozi kinachopuliza usoni, yuko kwenye kaskazi mwaka mzima. Geuza panka kabla hujabadilisha lenzi.

Kusi la Juni hadi Agosti lina shida nyingine: mchanga ufukweni Shella na Malindi, na matone ya chumvi kwenye boti ya Mokowe. Punje moja chini ya lenzi laini huuma papo hapo. Usisugue. Vua, suuza kwa dawa ya lenzi, tazama kwenye mwanga kama ukingo umechanika, ndipo uirudishe. Ya siku moja itupe uvae mpya. Vichochoro vya Lamu navyo vina vumbi lake la punda, la majani na kinyesi kilichokauka, ambalo kwa mwenye mzio ni baya kuliko mchanga. Miwani ya jua iliyoziba pembeni inasaidia hapa kuliko kuhama nyenzo. Senofilcon A inazuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, lakini inafunika konea tu, si kope wala weupe wote wa jicho.

Maji ndiyo hatari halisi. Kisima, birika, tangi la juu ya nyumba, mfereji: yote yanaweza kuwa na kijidudu kiitwacho acanthamoeba, ambacho hujishika kwenye lenzi na kusababisha kidonda cha konea kisichokubali dawa kwa urahisi. Hakuna nyenzo inayokizuia. Kwa hiyo lenzi wala kijaluba chake havioshwi kwa maji ya mfereji, hata yakiwa yamechemshwa. Kwa kutawadha, funga macho vizuri unapoosha uso na upanguse kope kabla ya kuyafungua. Kuosha uso hakudai maji yaingie ndani ya jicho. Kwa kuoga, vua.

Baharini pia vua. Chumvi ya bahari ni zaidi ya mara tatu ya ile ya machozi, hivyo lenzi husinyaa, hulegea na huweza kuchukuliwa na wimbi. Kwenye bwawa la hoteli hutokea kinyume: maji yasiyo na chumvi huingia kwenye lenzi, nayo huganda juu ya konea. Akiivua kwa nguvu muda huo huo mtu huondoka na ngozi ya konea. Tia matone ya kulainisha, subiri nusu saa, hakikisha inasogea, ndipo uvue. Ila wanaokwenda kuangalia samaki kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi au Watamu wavae za siku moja chini ya barakoa ya kuogelea isiyovuja, na wazitupe wakitoka majini.

Lenzi za rangi na harusi

Nyingi ni polymacon au haidrojeli nyingine ya HEMA, na rangi huongeza tabaka, hivyo unene huzidi na oksijeni iliyokuwa kidogo hupungua tena. Katikati huachwa tundu la kuonea. Mwangaza ukipungua, mboni hupanuka kupita tundu hilo na bibi harusi anaona ukungu wa mviringo, na lenzi ikiteleza kidogo pembeni anaona nusu kwa rangi. Saa nne ni muda wa busara, sita ni kikomo chetu. Kuvaa kutoka kupambwa hadi usiku wa manane ni kuomba jicho jekundu siku ya picha za nyumbani.

Mpangilio wa mapambo unaleta tofauti kubwa. Fukiza udi, nyunyiza marashi na paka nywele mafuta kwanza. Osha mikono kwa sabuni isiyo na manukato wala losheni, ikaushe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, vaa lenzi. Wanja na rangi za macho baada ya hapo, na wanja upite nje ya mstari wa kope, si ndani. Wanja wa ndani huingia kwenye machozi ndani ya dakika chache na kujipaka juu ya lenzi. Kwenye silikoni haidrojeli mafuta yake hushikamana zaidi kuliko kwenye haidrojeli ya kawaida. Wakati wa kuvua, lenzi hutoka kwanza, wanja baadaye.

Lenzi ya rangi isiyo na nguvu nayo inahitaji kipimo cha jicho. Haivaliwi na dada wawili, hata ikioshwa. Zile za chupa ndogo ya kioo zinazoitwa za mwaka mmoja, mwaka unahesabiwa tangu kizibo kufunguliwa, si siku za kuvaa. Aliyeivaa kwenye harusi mbili mwaka jana na kuiacha kwenye dawa ile ile hana lenzi ya kuvaa kwenye ya tatu.

Dawa ya kusafishia ni nusu ya nyenzo

Kwa lenzi za mwezi, lawama nyingi zinazobebeshwa nyenzo ni za dawa. Baadhi ya dawa za matumizi yote hunyonywa na baadhi ya lenzi usiku, kisha huachiwa jichoni mchana. Dalili yake ina saa: mchomo na wekundu kati ya saa ya pili na ya nne baada ya kuvaa, kisha hupungua. Ukiona hivyo, badili dawa kabla ya kubadili lenzi.

Peroksaidi ya 3% haiachi kihifadhi chochote, na ndiyo tunayoipendekeza kwa Biofinity. Inatumiwa na kikombe chake chenye kipande cha platinamu, wima, kwa saa sita kamili au zaidi. Ikitiwa jichoni kabla ya muda huo inaunguza, na kikombe bapa cha kawaida hakiifanyi iwe maji. Kizibo chekundu ni onyo. Kikombe hubadilishwa kila chupa mpya inapofunguliwa, kwani platinamu huchoka.

Wanaobaki na dawa ya matumizi yote wasugue kila upande wa lenzi kiganjani hata kama chupa imeandikwa haihitaji kusuguliwa. Mililita 3 kwa kila tundu la kijaluba na 2 za kusuuza kila lenzi ni mililita 10 kwa usiku, yaani chupa ya 300 inatosha mwezi. Inayodumu miezi miwili inatuambia kwamba mtu anaongezea juu ya dawa ya jana. Asubuhi mwaga yote, suuza kijaluba kwa dawa, kipanguse na ukiache kinywa chini kikauke mbali na choo. Kibadilishwe kila miezi mitatu. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa nyumbani hayaui kitu.

Ukilinganisha bei, hesabu yote. Macho mawili kwa lenzi za siku moja ni vipande 60 kwa mwezi, bila dawa, bila kijaluba. Za mwezi ni vipande viwili pamoja na chupa. Anayevaa siku tatu kwa wiki mara nyingi hupata za siku moja kuwa nafuu. Za mwezi huisha siku ya 30 baada ya kufunguliwa, zimevaliwa au zimelala. Acuvue Oasys ya kawaida ni ya wiki mbili, na kuisukuma hadi mwezi ndiko kunakoipa sifa mbaya ya "kuchafuka haraka."

Kasoro za tulizozipendekeza

Dailies Total1 inateleza mno. Kwa vidole vyenye unyevu haishikiki, na wanaoanza huishia kubana jicho lenyewe. Kausha vidole kabisa, itelezeshe kwanza hadi kwenye weupe wa jicho, ndipo uibane. Biofinity hukusanya mafuta kwa wenye kope zenye mafuta mengi, na kuona huwa kama kioo kilichoguswa kwa mkono wa samli wiki ya mwisho. Moist huchanika kirahisi kwenye kucha ndefu. Lotrafilcon A, Night & Day, iliruhusiwa kulaliwa, na Dk/t yake ya 175 inaruhusu, lakini kulala na lenzi huongeza hatari ya kidonda cha konea mara kadhaa, na ujio wa silikoni haukuifuta hatari hiyo. Hatuipendekezi kulaliwa, hasa mtu akiwa kisiwani usiku.

Kabla ya kuvaa lenzi yoyote iweke kwenye ncha ya kidole uitazame ubavuni: ukingo ukiinuka kama bakuli iko sawa, ukimwagika nje kama sahani imegeuka. Acuvue zina namba 123 pembeni. Zikisomeka kinyume, geuza. Vidole vilivyokata pilipili au limau vinaacha ukali kwenye lenzi hata baada ya sabuni. Siku hiyo vaa kabla ya kuingia jikoni. Matone ya kulainisha yawe yameandikwa kuwa ni ya lenzi. Ya kuondoa wekundu hayafai, wala maji ya waridi.

Dukani, kataa boksi lililokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, vibati vya lenzi vilivyovimba au vilivyobanjuka, na lenzi zinazouzwa moja moja bila boksi. Omba lenzi ya majaribio uvae siku nzima ya kawaida, si robo saa dukani ambako kila lenzi ni tamu kwa sababu bado ina maji ya kibati. Ipe alama kati ya 10 ikishaingia, adhuhuri na magharibi. Inayoanza na 9 ikashuka hadi 5 ni mbaya kuliko inayoanza na 8 ikabaki 7.

Lenzi ikivuliwa na maumivu yakazidi badala ya kupungua, jicho likawa jekundu, likakimbia mwanga au likaonyesha doa jeupe, usiirudishe na usisubiri boti ya asubuhi ikiwa kuna njia nyingine. Usitupe chochote: beba lenzi, kijaluba na chupa ya dawa hospitali, kwani maabara huweza kupata kijidudu humo hata pale ambapo jicho lenyewe halijatoa jibu.